Gari Lisiloona Nyuma

Mwenye ndoto ya kununua gari la spoti asogee hapa mbele, maana maneno haya ni yake. Sisi wengine tutacheka kwanza. Kuogopa kutakuja kwenyewe.

Kitu cha kwanza kwenda kombo hakikuwa kishindo wala kivuli. Kilikuwa kiti. Lakini ili mkielewe kiti, lazima mmjue aliyekikalia.

Alikuwa muuza magodoro, mtu wa miraba minne na tumbo la ziada, watu wote wakimwita Tani. Mkewe ndiye aliyekata sponji na kuwasimamia washonaji nyuma ya duka, naye wakimwita Mama Sponji. Tani alikuwa na mazoea yake: hakuuza godoro bila kulipiga makofi mawili, pa-pa, mkono wazi, kumwonyesha mteja lilivyo gumu. Mazoea yakamganda. Akifika mlangoni, pa-pa. Akimpita mkewe jikoni, begani, pa-pa. Na kitandani upande wake ulididimia hata Mama Sponji, apende asipende, usingizi ukimchukua tu aliporomokea kwa mumewe. Siku za ugomvi alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, na asubuhi alijikuta kule kule. Hakuwahi kumwambia, ila alipenda.

Basi mtu huyo, na makalio yake yale, akanunua gari la spoti.

Lilikuwa jekundu, kimo chake hakifiki kiunoni mwa mtu mzima, na milango yake ilifunguka kwenda juu kama mtu anayeonyesha kwapa. Mtaa mzima ulitoka kulitazama. Na nyinyi mngetoka, msijifanye. Lakini ngojeni niwaambie lilivyo kwa mwenye nalo, maana picha hazisemi. Kuingia, unatanguliza mguu mmoja, unashikilia paa, halafu unajiachia udondoke, na ukishadondoka magoti yanakusalimia kidevuni. Injini iko mgongoni, inakuoka. Kiyoyozi kinapiga kelele tu, baridi hakuna. Kioo cha mlango kinashuka upana wa kiganja, basi, hakiendi zaidi, kwa hiyo ukitaka kumpa kitu mlinzi wa maegesho unamtolea vidole kama mfungwa. Klachi ni nzito mpaka paja linatetemeka. Tuta dogo la barabarani, ambalo punda analivuka huku anasinzia, gari lile lililivuka kwa kilio: kwaruuu, tumbo zima. Foleni ikisimama, linachemka. Ukiliacha siku kadhaa bila kuliendesha, betri inakufa. Na buti lake, ambalo liko mbele sijui kwa akili ya nani, linabeba jozi moja ya viatu, tena viwe ndala.

“Litabeba godoro?” Mama Sponji aliuliza siku ya kwanza.

“Mama, hili si la kubebea vitu.”

“Hata mto?”

Tani akajifanya anafuta vumbi.

Kioja chenyewe kilikuwa kurudi nyuma. Gari lile halikuona nyuma. Kioo cha ndani kilionyesha injini, na vya pembeni vilionyesha mbavu za gari lenyewe, likijitazama. Dalali aliyemuuzia alimfundisha wanavyofanya wenye nayo: unapandisha mlango, unayahamisha makalio kutoka kitini mpaka juu ya kizingiti cha mlango, nusu ndani nusu nje, miguu umeibakiza kwenye kanyagio, mkono mmoja kwenye usukani, shingo umeigeuza, ndiyo unarudi. Watu wanashangilia, wanapiga picha. Tani, ambaye maisha yake yote hakuna aliyemtazama isipokuwa kumuuliza bei, alikaa kwenye kizingiti kile akatabasamu mpaka fizi. Akawa anarudi nyuma hata pasipo na haja.

Jamani, kila mtoto aliyelelewa anajua kwamba kizingitini hakukaliwi. Mama zetu walitufukuza hapo kwa ufagio. Tukiuliza kwa nini, walisema toka hapo, unazuia watu kupita. Watu gani, hawakusema.

Haukupita muda Tani akaanza kulalamika kiuno. Akakifungua kiti, akakileta kwa mkewe. “Nitilie sponji nzuri, mama. Hiki kinanichoma.”

Mama Sponji alikifumua. Mwanamke huyo alikuwa na macho ya kazi yake: umpe godoro kuukuu, atakwambia aliyelilalia ni mnene au mkonda, analala chali au ubavu, ana mgonjwa au ana kichanga. Sponji haisengenyi, lakini haifichi. Na ndani ya kiti kile palikuwa na vishimo viwili vyembamba, vimekaribiana, vimezama mpaka chini kabisa, kama vile mtu asiye na nyama hata chembe amekaa hapo miaka kwa miaka. Mwembamba, lakini mzito. Mama Sponji akafikiri, aliyelitumia kabla yetu huyo. Akakata sponji mpya, ile ngumu ya daraja la kwanza, akashona, akamkabidhi.

Baada ya siku chache Tani akakirudisha. “Bado kinanichoma.”

Akakifumua tena. Sponji mpya, na vishimo vile vile viwili, vimezama mpaka chini.

“Nani anakaa kwenye kiti chako?” akauliza.

“Mimi peke yangu.”

“Wewe? Wewe na beseni hilo?” Sauti ikampanda, washonaji wakaacha cherehani. “Mwanamke gani huyo, hata nyama hana? Umemwokota wapi? Ndiyo maana viti viwili tu! Nilijua. Gari lisilobeba hata mto, nilijua linabeba nini!”

“Mama, naapa...”

“Usiape. Nisikilize. Gari hilo silitazami tena mpaka litoke kwangu. Silitazami na siliinamii. Likipita hapa nageuza uso ukutani.”

Na Mama Sponji akisema, amesema. Tangu siku hiyo gari likiingia uani aligeuka, likitoka aligeuka. Mtaa wote ulikuwa macho kodo, yeye mmoja tu hakulipa hata jicho la kuibia. Alijivunia hilo. Kumbukeni kwamba alijivunia.

Lakini masikio hayana pa kugeukia. Gari likizimwa jioni, vyuma vyake vilikuwa vikipoa kwa mlio, ti, ti, ti, kama vyuma vyote vya moto. Cha ajabu, asubuhi alipokuwa akifagia ua, limeshakuwa baridi la umande, mlio bado upo, ti, ti, ti, na yeye akisogea karibu na ufagio wake, mlio unanyamaza, na akiondoka unaanza. Halafu ile harufu. Tani alitoka kuoga, amejisugua kwa sabuni, na ngozi yake inanuka klachi iliyoungua. Shuka zikanuka. Akawa hali. Suruali zikaanza kumpwaya, akatoboa mkanda tundu jipya, kisha jingine. Mama Sponji alipolala alishangaa anaporomoka polepole, kisha polepole zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alianza kusogea mwenyewe ili amfikie mumewe. Hasira ya mwanamke mwembamba ikaanza kumtoka, na kilichoingia mahali pake hakukipenda.

Jioni moja Tani akamfuata jikoni. Hakupiga pa-pa mlangoni. Alisimama tu, amejishika tumbo lililobaki.

“Mama,” akanong'ona. “Hakuna mwanamke.”

“Kuna nini?”

“Ongea polepole.” Akatazama dirishani, kule uani. “Nikikaa kizingitini kurudi nyuma, kiti si kinabaki kitupu? Basi hakibaki. Siku ya kwanza nilihisi goti, limelala ubavuni mwa goti langu, baridi, nikasema ni chuma. Siku ya pili nikahisi mkono juu ya usukani karibu na wangu. Sasa nikimaliza kurudi, nikitaka kuketi, lazima nimsukume, na yeye hasogei wote, mama, anasogea kidogo, ananiachia nafasi kidogo, jana kidogo, leo kidogo zaidi, na ile sehemu yangu isiyopata nafasi sijui inakwenda wapi, mimi nikishuka sishuki nayo.”

Sufuria ilikuwa inachemka, Mama Sponji hakuiona.

“Liache hilo gari! Si uliache, baba? Huna miguu?”

“Nikiliacha, mikono inatetemeka.” Tani akainamisha kichwa. Alilisema la mwisho kwa aibu kama mtoto aliyejikojolea. “Na watu wananitazama, mama. Nani amewahi kunitazama mimi?”

Mama Sponji alitaka kusema, mimi. Badala yake akasema, “Mjinga mkubwa we,” akalia, akafunga kanga kiunoni, akaenda kumwita Shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea Tani. Alikuwa mkunga mstaafu, na uzeeni alipunga majini kama alivyokuwa akizalisha, kwa kelele na bila huruma. Alifika akiegemea mkongojo, magoti yake yameshagoma siku nyingi, akalizunguka gari mara moja na kulitemea mate.

“Shikamoo, Shangazi,” Tani alisema kwa sauti ndogo.

“Marahaba, bwege. Jini wa zamani alikaa kwenye magofu, kwenye pango, mahali penye hadhi yake. Huyu amejibanza kwenye kopo jekundu apigwe picha. Hata majini siku hizi yameharibika.” Akamgeukia Tani. “Aliingilia wapi?”

“Kizingitini.”

“Nilikufukuza kizingitini kwa ufagio, wewe! Mgongo wako si bado una alama?” Akavuta pumzi. “Haya. Huyu chakula chake ni macho. Kila anayetazama anampa tonge. Leo atalala njaa. Na atatokea alikoingilia. Utaingiza gari uani, utapandisha mlango, utakaa hapo hapo kizingitini, utarudi nyuma mpaka ukutani. Nikisema toka, ujitupe nje. Nje, umesikia? Ukijirusha ndani nitakuja kukuzika. Sisi wote tutageuka, hakuna jicho. Atakayetoka atamgusa mkewe bega.”

Kisha akamshika Mama Sponji mkono, akamsogeza kando, sauti ikashuka.

“Mke wetu, wewe una kazi moja. Akikugusa, usimkumbatie, usiseme naye. Kwanza nenda kaangalie ndani ya gari. Kiti kiwe kitupu. Kikiwa kitupu tumemaliza. Kisipokuwa kitupu uniambie, ubani ungali unawaka tutajua la kufanya. Mimi magoti haya hayainami, ningekwenda mwenyewe.”

“Nimesikia, Shangazi.”

Jua lilikuwa limelala juu ya ukuta. Shangazi aliketishwa juu ya rundo la vipande vya sponji, chetezo cha ubani mbele yake, na washonaji wakapangwa wakitazama ukuta, wanacheka cheka kwa woga. Mama Sponji aligeuka kabla hajaambiwa. Kwake haikuwa taabu.

Gari likaingia likinguruma. Wakausikia mlango ukipanda. Wakaisikia gia ikiingia, grrk, na gari likaanza kurudi taratibu, na Shangazi akaanza kuita kwa maneno yake, na mara injini ikapiga kelele, vuuum, kama inayosema nitazameni, na mshonaji mmoja shingo ikaanza kumgeuka yenyewe, mwenzake akamshika kichwa kwa mikono miwili, na injini ikapiga tena, na tena, ikawa si kelele ya chuma bali ni kama ya kitu chenye koo kinachobembeleza, kinachobembeleza na kutukana, harufu ya klachi ikaufunika ubani wote, na katikati ya kelele ile wakamsikia Tani akisema, “Hata mmoja? Hata mmoja hanitazami?” kwa uchungu wa kweli, na Mama Sponji akauma upindo wa kanga yake asigeuke, na Shangazi akanguruma, “Toka!”, na mlango ukashuka, pu, na kila kitu kikanyamaza.

Wala ti, ti, ti haikuwepo.

Mkono ukamgusa Mama Sponji begani. Mguso mmoja, mwepesi. Akageuka. Tani amesimama mbele yake, mzima, tumbo lake limerudi, uso umepoa, anamtazama yeye na si gari. Basi yule mama moyo ulimpasuka kwa furaha.

“Kaangalie, mke wetu!” Shangazi alipiga kelele kutoka kwenye sponji zake. “Kiti!”

Mama Sponji alikwenda hatua kadhaa kuelekea gari, uso ameuelekeza pembeni, anauona ule wekundu kwa ukingo wa jicho. Vioo vilikuwa vyeusi na vimeingia jasho. Kumwona aliyemo ndani ilibidi apige magoti mchangani, ashushe kichwa mpaka karibu na ardhi, uso wake uguse kioo. Apige magoti! Mbele ya kopo lililomfanya aamini anaibiwa mume, lililomfanya achekwe na mtaa mzima, lililomkausha Tani wake, alisujudie? Si alisema haliinamii? Na mumewe si yule pale, amesimama?

“Kitupu, Shangazi,” akasema.

“Umeona?”

“Nimeona. Kitupu.”

Shangazi akazima ubani.

Asubuhi, kwa ombi la Mama Sponji, dalali akatuma lori kulichukua. Mama Sponji alisimama kibarazani akiwa amelipa mgongo, kwa mara ya mwisho, mkono umeshika kiuno. Mumewe alisimama karibu yake, mikono mfukoni, naye hakuligeukia hata kidogo, na mkewe akasema moyoni, amepona kabisa. Minyororo ikalia. Gari likapandishwa. Kisha dereva wa lori akaja nyuma yake.

“Mama, humo ndani kuna kitu kinagonga gonga. Kwenye kioo. Mlango nao haufunguki. Kuna kitu kimelegea?”

Akasikiliza. Kweli, kulikuwa na mlio wa mbali wa kugonga, unapiga, unapumzika, unapiga.

“Hilo lote limelegea,” akajibu. “Peleka, mwanangu, peleka mbali.”

Washonaji walicheka, lori likaondoka, na yeye akaingia jikoni akiimba. Mume alikula sahani nzima. Alishukuru. Baada ya chakula akasema anataka kujinyoosha kidogo, na Mama Sponji akamfuata chumbani, mchana kweupe, pazia linapepea, akapanda upande wake na kumpa mgongo, akafumba macho akingoja. Alikuwa na hamu. Alingoja kitanda kididimie aporomoke kama zamani, na mara hii alikusudia kumwambia kwamba miaka yote ile alipenda.

Kitanda hakikuinama.

Akangoja. Alisikia kitanda kikilia, alisikia mtu akilala chali, akivuta pumzi, lakini yeye alikaa pale pale ukingoni, sawasawa kama aliyelala peke yake. Akapeleka mkono nyuma polepole chini ya shuka, kwa kiganja kile kilichojua sponji kuliko kinavyojua kitu kingine chochote, na kiganja kikaenda pakiwa tambarare, kikaenda, kikaenda, mpaka kikaingia kwenye kishimo kimoja chembamba, na kando yake cha pili, vimezama mpaka chini kabisa, na ndipo akaukumbuka ule mlio wa kugonga kwenye kioo cha gari, ulivyokuwa ukipiga mara mbili na kupumzika, mara mbili na kupumzika, mkono wazi, pa-pa, pa-pa, na yeye amesimama amelipa mgongo akimwambia dereva apeleke mbali.

Lori lilikuwa limeondoka tangu asubuhi, na dalali hakusema linakwenda wapi.

Mkono ukamgusa bega, mara moja, kwa wepesi. Chumba kikanuka klachi.

“Geuka, mama,” mumewe akasema kwa upole. “Nitazame. Umebaki wewe tu wa kunitazama.”